Shukrani kwa kaka wa tuktuk aliyenisaidia kutoa gari yadi

Kaka wa tuktuk, jina lako sikulichukua lakini wallahi sijakusahau. Gari yangu ilivutwa na bredaun hapa Mombasa, Digo Road karibu na Marikiti, na mvua ya masika inamwagika mji mzima maji, mamangu yuko Likoni ng'ambo ya feri anangoja nimpeleke hospitali. Kufika yadi wanakofungia magari yaliyovutwa naambiwa leta kitambulisho, leta logbuku ya gari, lipa, haya nikalipa kwa simu, naambiwa pesa haijaonekana kwa sistimu ngoja, na pale dirishani hakuna hata kibati cha kujikinga, watu wazima tunalowa tu na pesa ya kulaza gari inazidi kupanda. Hiyo si haki hata kidogo.

Wewe ulikuwa umeleta abiria tu. Ukanipa mfuko wa nailoni nifunike makaratasi, ukaenda dirishani ukaongea nao kwa upole mpaka risiti ikatoka, na gari ilipokataa kuwaka ukafungua boneti, ukapangusa tamino za betri na kile kitambaa chako cha njano, ukazikaza kwa spana, ikashika. Nakupa ya mafuta ukakataa, ukaniambia muwahi mama kabla foleni ya feri haijajaa.

Mama alitibiwa, sai hajambo, na kila akiswali anakuombea. Mola akuzidishie riziki akulindie na wanao. Ukiniona feri nipigie honi kakangu, nataka nikushike mkono nikushukuru vizuri.