Ngazi za milimani na mama mjamzito

Mhariri,

Kliniki zetu husisitiza lishe, malaria na vidonge vya kuongeza damu, na ni sawa. Kuanguka hakutajwi mpaka mtu aanguke. Utafiti wa Marekani umeonesha kuwa karibu robo ya wanawake huanguka walau mara moja wakiwa wajawazito, na huko hawapandi ngazi za Igogo wala Mabatini, mitaa yetu ya milimani hapa Mwanza, na ndoo kichwani.

Tumbo likikua, uzito huhamia mbele na mama hulazimika kupinda kiuno nyuma. Homoni hulegeza kano za nyonga, miguu huvimba, na miezi ya mwisho haoni anapokanyaga. Kushuka ni hatari kuliko kupanda, maana kidato hutafutwa kwa unyayo. Mguu ukishazoea kimo kimoja, tofauti ya sentimita mbili tatu inatosha kumwangusha.

Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 juu ya kichwa, na mikono yote iko juu kuishikilia. Abebe mtu mwingine (waume wapo). Ikishindikana, achukue dumu la lita 5 kwa mkono mmoja, wa pili ushike ukuta. Safari zitaongezeka, lakini ndiyo bei yake. Ndala zilizolika soli aziache. Avae viatu vyenye mkanda wa kisigino. Akiamka, ageukie ubavu, ashushe miguu, akae kama dakika moja ndipo asimame. Kizunguzungu kikijirudia, apimwe wingi wa damu na presha.

Akianguka na kugonga tumbo, afike hospitali siku hiyohiyo hata kama haumwi. Kondo la nyuma linaweza kuachia na damu ikabaki ndani, bila jeraha lolote nje. Kutokwa damu au maji, tumbo kukaza bila kuachia, au mtoto kupunguza kucheza ni dharura. Asikandwe tumbo. Kadi ya kliniki aende nayo: mwenye kundi la damu hasi (kama O- au A-) huenda akahitaji sindano, na huchomwa ndani ya saa 72.

Wenyeviti wa mitaa ya milimani, tunawaomba fundi asawazishe vidato na kufunga bomba la kushikia, kimo cha sentimita 90 hivi, lianzie kidato cha kwanza na lisikatike njiani. Chooni nako kipande kifupi ukutani, mahali mkono unapofika mtu akiwa amechuchumaa.

Wakunga,
Mwanza