Barua kwa Mhariri: Namba bila kizio isipokewe

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa wasomaji niseme na wahandisi wenzangu, hasa wakufunzi wa vyuo vya ufundi, kuhusu vizio vya vipimo tunapokokotoa mtetemo nasibu kwa kompyuta kwa njia ya elementi finiti, yaani kukigawa kifaa katika vipande vidogo vidogo na kukokotoa kila kimoja.

Mtetemo nasibu ni ule unaolipata gari kwenye barabara ya vumbi yenye makorongo: hauna mdundo mmoja, bali mitikisiko ya kila namna huja kwa pamoja. Kwa hiyo tunachora grafu ya ukali wake kwa kila hertzi, na ukali huo huandikwa kwa kipeo cha pili cha g kwa kila hertzi, g ikiwa ni mchapuko wa mvutano wa dunia. Hicho kipeo cha pili ndicho kilichoniponza.

Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kazi ya kukokotoa kishikizo cha betri ya lori. Nilitumia milimita, tani na sekunde, vizio vinavyopatana kwa kuwa hutoa nguvu kwa nyutoni na mkazo kwa megapaskali, na densiti ya chuma niliiandika sawasawa: 7.85×10⁻⁹ tani kwa kila milimita ya ujazo. Lakini nilipoibadilisha grafu kutoka g kwenda milimita kwa sekunde mraba, nilizidisha kwa 9,806.65 mara moja tu, ilhali ilipasa kuzidisha kwa kipeo chake cha pili, yaani takriban milioni 96. Programu haikulalamika, maana yenyewe hupokea namba tupu. Jibu likatoka megapaskali 0.6, nami nikafurahi kwamba chuma kilikuwa kigumu kupita mahitaji.

Jibu sahihi lilikuwa takriban 60. Tena hicho ni kiwango cha wastani tu, kwani katika mtetemo wa aina hii hukadiriwa kwamba vilele hufika hadi mara tatu yake, yaani 180, na chuma laini huanza kupinda bila kurudi kwenye 250 hivi. Chuma cha namna hiyo hakivunjiki siku ya kwanza. Huchoka kidogo kidogo. Fundi wa kuchomelea ndiye aliyenionyesha ufa, mwembamba kama unywele, ukianzia pembeni mwa welding na kufuata mkunjo.

Asidhani mtu kwamba makosa haya ni ya wanagenzi peke yao. Chombo cha anga za juu cha Marekani, Mars Climate Orbiter, kilichotumwa kwenye sayari ya Mirihi, kilipotea Septemba 1999 kwa sababu programu moja ilitoa msukumo kwa vizio vya paundi, na waliopokea hesabu wakauchukulia kuwa wa nyutoni, tofauti ya takriban mara 4.45.

Ombi langu kwa wakufunzi ni kwamba ripoti ya mwanafunzi isisahihishwe kabla hajaonyesha majaribio mawili madogo. La kwanza, autwishe mfano wake wa kompyuta mchapuko wa g moja uliotulia, kisha asome nguvu kwenye nguzo zinazoushikilia: kifaa cha kilo 12 lazima kitoe nyutoni 118 hivi, na kikitoa 0.118 au 118,000, basi masi au mchapuko umeingizwa kwa kizio kingine. La pili, akokotoe kwa mkono eneo lililo chini ya grafu na kulitafutia kipeuo cha pili. Grafu bapa ya 0.01 kutoka hertzi 10 hadi 500 ina eneo la 4.9, kwa hiyo mtikisiko wa wastani ni g 2.2, sawa na takriban milimita 21,700 kwa sekunde mraba, na namba hiyo ndiyo inayopaswa kuonekana pale kishikizo kinapofungwa kwenye fremu.

Jaribio la pili ndilo lingenikamata mimi, kwa sababu badala ya 21,700 ningesoma 219. Lingenichukua dakika tano na kikokotoo cha mfukoni.

Mhandisi wa mitambo,
Morogoro