Barua ya wazi kwa mdogo wangu aliyeikuta picha iliyokatwa

Mdogo wangu mpendwa,

Umeniandikia kwamba ulipokuwa ukipanga vitu vya mama yako ulikuta picha yake ya ujana, iliyokatwa kwa mkasi upande mmoja, na kwamba begani kwake umebaki mkono wa mtu asiyeonekana. Tangu siku hiyo, unasema, unajihisi umefichwa jambo. Nakujibu hadharani kwa ridhaa yako, kwa kuwa nadhani wapo wengi waliokutana na mkono wa namna hiyo wasijue waulize au wanyamaze.

Nianze na lile ambalo huenda usilipende. Mama mdogo hakukuficha kitu. Alikuwa na maisha yake, nawe hukuwamo. Sisi watoto tumezoea kuyahesabu maisha ya wazazi wetu kuanzia siku tuliyozaliwa, na yote yaliyotangulia tunayachukulia kuwa maandalizi ya kutupokea. Msichana wa pichani hakuwa akikungoja. Alikuwa na mipango isiyokuhusu wewe wala baba yako, alikuwa na marafiki ambao pengine walimwita kwa jina la utani usilolijua, na huenda alifanya uamuzi ambao, laiti ungekwenda upande mwingine, wewe usingekuwapo kuniandikia. Ukimwendea kama mtu anayedai deni, utapata majibu ya mdaiwa.

Lakini usikate tamaa. Wanasaikolojia wa kumbukumbu wamebaini kwamba watu waliovuka umri wa miaka 40, wakiombwa wakumbuke matukio ya maisha yao, hukumbuka kwa wingi zaidi yale ya kati ya umri wa miaka 10 na 30. Sababu mojawapo inayotajwa ni kwamba huo ndio wakati wa mambo mengi ya mara ya kwanza: kazi ya kwanza, penzi la kwanza, kuondoka nyumbani kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo kipindi ambacho wewe hukuwapo ndicho anachoweza kukusimulia vizuri zaidi. Kazi iko katika namna ya kuuliza.

Swali kama "Ulikuwa na furaha ujanani?" hujibiwa kwa neno moja na mazungumzo yakaishia hapo. Mpe karatasi na kalamu, umwombe akuchoree nyumba aliyokulia: mlango ulikuwa wapi, nani alilala chumba kipi, dirisha lilitazama nini. Mama yangu alipofanya hivyo alichora ukuta, akasita, akaufuta, kisha akasema, "La, hapa palikuwa na cherehani." Kutokana na cherehani hiyo nikasikia habari ya muda mrefu alioutumia kushona nguo za watu usiku, bila baba yake kujua, ili apate nauli ya kuondoka. Hakuna swali langu lolote ambalo lingeifikia habari hiyo, kwa sababu sikujua kwamba ipo. Nawe pia, ukimwonyesha picha yako, usimwulize aliyekatwa ni nani. Mwulize aliyepiga picha ni nani, na siku ile walikuwa wakielekea wapi. Akitaka kumtaja yule mwingine, utakuwa umemwachia nafasi.

Baba mdogo akisimulia tofauti, usishangae. Mwanasaikolojia Mwingereza Frederic Bartlett alionyesha mwaka 1932 kwamba mtu anapokumbuka hatoi nakala iliyohifadhiwa, bali huijenga habari upya kwa mujibu wa yale anayoyajua na kuyaamini sasa. Wakikutajia mahali pawili tofauti walipokutana mara ya kwanza, andika pote pawili, wala usijifanye hakimu.

Hata hivyo, si kila ukimya unastahili kuheshimiwa kwa kiwango kimoja. Magonjwa ya ukoo, kama vile kisukari, shinikizo la damu, selimundu au saratani ya matiti, pamoja na umri ambao ndugu aliugua, ni mambo ambayo daktari atakuuliza wewe, nawe una haki ya kuyauliza waziwazi. Ndivyo ilivyo pia iwapo una ndugu usiyemfahamu. Penzi lililokwisha kabla hujazaliwa ni la mwenyewe. Akikusimulia, amekupa zawadi, na asipokusimulia hajakunyima haki yako.

Utakuta watu wakidai kwamba kuijua historia ya wazazi humjenga mtoto. Dai hilo lina msingi: Marshall Duke na Robyn Fivush wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, walitunga maswali 20 ya kupima watoto wanajua nini kuhusu familia zao, na waliojua mengi walionekana kujithamini zaidi. Lakini watafiti hao wenyewe wametahadharisha kwamba majibu ya maswali hayo, yakikaririwa tu, hayaleti manufaa hayo. La maana ni mazungumzo ya muda mrefu yaliyoyafikisha majibu kwa mtoto. Mimi naithamini zaidi tahadhari hiyo kuliko matokeo yenyewe, kwa maana inakuondolea haraka.

Ukirekodi kwa simu, omba ruhusa kwanza, taja tarehe mwanzoni, na uhifadhi nakala mahali pawili. Majina yaandike nyuma ya picha kwa penseli laini bila kukandamiza, kwa sababu wino unaweza kupenya na kuacha doa upande wa pili.

Wala usimsahau baba mdogo, ambaye sote tumemzoea kwa maneno yake machache. Yeye mwendee akiwa na kazi mkononi, maana akikalishwa kitini aulizwe hufunga mdomo. Aliwahi kunidokezea kwamba alipiga tarumbeta katika bendi kabla ya kumwoa mama yako, kisha akageuza mazungumzo, nami sikuwa na nafasi ya kumrudisha hapo. Wewe unayo.

Dada yako