Majumba mawili kwa siku yanatosha

Mhariri,

Majani yakianza kugeuka rangi huko Marekani, wasomaji wenu wanaoishi New York hupanga safari ya bonde la mto Hudson kuangalia majumba ya kale, na wengi hutaka kumaliza manne au matano kwa siku moja. Nawasihi wachague mawili tu. Katika mji wa Hyde Park, bondeni humo, yawe Springwood na jumba la familia tajiri ya Vanderbilt. Kati yake ni mwendo wa maili mbili hivi.

Ndani ya majumba haya huzunguki peke yako. Unaingia na kiongozi, kwa saa iliyoandikwa kwenye tiketi, na kila kundi lina idadi yake. Ukichelewa, wenzako wameshaondoka, na wikiendi za Oktoba makundi yanayofuata huwa yamejaa. Kwa mwenye kupanga majumba manne, foleni moja ya magari huvuruga yote yaliyobaki. Kati ya ziara na ziara acha saa mbili na nusu.

Asubuhi anzeni Springwood. Rais Franklin Roosevelt alizaliwa humo mwaka 1882 na amezikwa kwenye bustani yake ya waridi. Msiipite haraka lifti. Haitumii umeme: Roosevelt, ambaye miguu yake ilipooza mwaka 1921, alijivuta mwenyewe kwa kamba hadi ghorofani, akihofia kunaswa ndani endapo umeme ungekatika nyumba ikiungua. Kwangu mimi, hakuna samani humo inayomweleza vizuri kuliko kamba ile.

Alasiri nendeni Vanderbilt, jumba la mawe lililojengwa kati ya 1896 na 1899. Baada ya ziara zungukeni nyuma, upande unaotazama mto. Ni magharibi, hivyo jua la saa tisa huangukia milima ya ng'ambo. Utafuteni na mti mkubwa wa ginkgo. Baridi kali ya kwanza ikiupiga, huangusha karibu majani yote kwa mpigo, kwa hiyo anayesubiri Novemba anaweza kukuta matawi matupu.

Msilalamikie giza la vyumbani. Mwanga huchakaza hariri na mazulia, na uharibifu huo haurudi nyuma. Ndiyo maana vitambaa vya kale huwekewa mwanga hafifu wa luksi 50 tu (luksi ni kipimo cha mwanga) na mapazia hufungwa. Begi la mgongoni liacheni kwenye gari, maana anayegeuka nalo hukwangua ukuta bila kujua.

Wasio na gari wapande treni ya kwenda Poughkeepsie, mji ulio karibu na Hyde Park, kutoka stesheni ya Grand Central mjini New York, safari ya muda wa saa mbili hivi, wakae kushoto ili wauone mto. Teksi ya kutoka stesheni ya Poughkeepsie waiagize mapema, pamoja na ya kurudi. Na wakumbuke kwamba Jumapili ya kwanza ya Novemba saa hurudishwa nyuma. Kuanzia hapo jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni.

Msomaji wenu