Baiskeli za hapa Dar zinakosa vipuri, wala si sifa

Mhariri,

Wapenda baiskeli wengi jijini wana moyo wa kuwatafutia maduka mafundi wachache wanaochomelea fremu wenyewe na kuuza baiskeli zilizoundwa hapa hapa Dar es Salaam. Wanapiga picha nzuri, wanazunguka Kariakoo duka hadi duka, wanarudi mikono mitupu. Tunaomba nafasi tueleze sababu, maana kosa lenyewe linarekebishika.

Mwenye duka ana maswali matatu. Tairi lake nitalipata wapi? Nani ataifunga baiskeli vifaa vyake? Fremu ikikatika, hasara ni ya nani? Picha haijibu hata moja.

Kwa hiyo anzeni kwa fundi wa matengenezo, duka lifuate. Fundi wa chini ya mwembe kule Tandika au Buguruni ndiye anayeulizwa na mnunuzi "hii nayo vipi?" kabla hela haijatoka mfukoni. Mpelekeeni baiskeli yenyewe, aifungue habu (kitovu cha gurudumu), aone gololi na grisi kwa macho yake. Kisha apewe muuza samaki anayechukua mzigo Feri alfajiri, aitumie wiki mbili na tenga lake nyuma. Ikirudi, bana kwa vidole spoki za gurudumu la nyuma mbilimbili, upande mmoja kwanza, halafu wa pili. Zote zijibu sawa. Ukikuta moja laini, ikazwe siku hiyo hiyo. Gurudumu la inchi 28 huzunguka karibu mara 450 kwa kila kilomita, na katika kila mzunguko spoki hulegea kidogo inapopita chini kisha hukaza tena. Iliyokuwa legelege tangu mwanzo ndiyo inayochezacheza mpaka inakatika pale kwenye kona, inapopinda kuingia habuni. Watu husema ilikazwa mno, na mara nyingi ni kinyume chake. Fremu nayo ifutwe kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, hasa kwenye maungio ya krenki (mikono inayoshika pedali) na pale inaposhika ekseli ya nyuma. Ufa huanza kama unywele kwenye rangi, na kwa chumvi ya pwani yetu unywele huo hugeuka mstari wa kutu upesi.

Suala la tairi linawaangusha wengi. Kusema "ni inchi 26" hakutoshi. Baiskeli nyingi za mtumba kutoka Japani zina tairi iliyoandikwa 26 x 1 3/8, na pembeni mwake kuna namba ndogo kama 37-590. Baiskeli za milimani nazo ni inchi 26, lakini namba yao huishia na 559. Namba hiyo ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa milimita, kwa hiyo rimu hizo mbili zinapishana milimita 31, na hakuna ufundi wa kuzilazimisha. Mwandikieni mwenye duka kikaratasi cha namba hizo akibandike ukutani. Na mshaurini muundaji achague rimu ambayo tairi lake linauzwa hata Mbagala na Gongo la Mboto. Rimu ya ajabu, hata iwe nzuri vipi, itamfungia soko.

Halafu boksi la vipuri liingie dukani siku moja na baiskeli. Kwa baiskeli tatu sisi tungeweka tyubu sita, tairi mbili, spoki za nyuma 20 za urefu sahihi pamoja na nati zake, gololi za robo inchi za nyuma na za 3/16 za mbele, waya za breki tatu, mipira ya breki jozi sita, pedali jozi mbili, na ekseli ya nyuma moja. Kama krenki ni za kotapini (pini inayoikaza krenki kwenye ekseli yake), ongezeni kotapini sita za kipenyo kile kile, kwa kuwa ya milimita 9 ikiwekwa kwenye tundu la 9.5 italegea na kuila krenki. Anayefunga aoneshwe pia kwamba pedali ya kushoto hukazwa kinyume cha saa. Ikilazimishwa, uzi wa skrubu kwenye krenki unakwisha siku ya kwanza, na lawama zote zinamwangukia muundaji.

Baiskeli hizo tatu zitolewe mali kauli, kwa karatasi yenye namba ya fremu, bei na tarehe ya kurudisha, tuseme siku 60. Karatasi hiyo hiyo iseme wazi: fremu ikipasuka kwenye weldi, muundaji anatoa nyingine na anamlipa fundi kazi ya kuhamisha vifaa. Hela zipite kati ya duka na muundaji moja kwa moja. Wapenda baiskeli wasizishike, hata kwa nia njema.

Msitafute maduka kumi. Karakana inayotoa baiskeli 12 kwa mwezi ikizigawa kumi, maduka mengi yanapata moja moja, ikiuzwa inabaki nafasi tupu na mwenye duka anaweka bidhaa nyingine. Maduka matatu yaliyo mbali mbali, mfano Tegeta, Tandika na Gongo la Mboto, yanatosha kwa mwaka mzima.

La mwisho linatuuma zaidi, kwa sababu linafanywa na hao hao wanaosaidia. Tuseme duka linachukua kwa shilingi 280,000 na kuuza 330,000. Mpenda baiskeli anakwenda karakanani, anaomba "bei ya rafiki", anapewa kwa 280,000, na habari inafika dukani kabla ya jioni. Duka hilo halitachukua baiskeli nyingine. Muundaji auze kwa 330,000 hata mlangoni kwake, na ninyi mnaompenda mkanunue dukani kwa bei hiyo, mkidai risiti.

Wapenda baiskeli,
Temeke, Dar es Salaam