Usitume hela ya linia kwanza

Tanga, Jumapili usiku

Baba Nasra, asalaam alaykum shehe wangu,

Salamu nyingi kwako, kwa Mama Nasra na watoto, sisi huku wazima alhamdulillah, joto tu ndo linatutesa na umeme unakatika unavyotaka. Nakuandikia mbio mbio kabla sijalala manake nimesoma ujumbe wako baada ya isha na usingizi wote umeniruka. Eti Alhamisi unamtumia hela yule jamaa wa Dubai akuletee linia, kile kiongeza nguvu cha redio zetu za ridhaa! Nakuomba kwa miaka yote hii tunayojuana, usitume kwanza. Nipe wiki mbili tu.

Jana saa nne asubuhi pale kwenye masafa yetu ya 7.095 MHz mi nilikusikia 5/9, safi, hata jogoo wako nilimsikia anawika nyuma yako. We ndo ulikuwa unasema nakupoteza nakupoteza rudia tena, nilihesabu mara saba, mpaka ukachoka ukazima redio. Sasa mtu ambaye hata jogoo wake anasikika Tanga, linia ya nini? Mdomo wako mzima, masikio ndo yameziba. Na linia inaongeza nguvu ya kurusha tu, kwenye kupokea haikuongezei hata chembe. Utanunua, utafunga, utaniita na wati 500, mi nitakujibu, na we bado utakuwa hunisikii.

Hebu tupige hesabu kidogo. Kutoka wati 100 kwenda 500 ni desibeli 7. Alama moja ya S kwenye mita ya redio inayopima nguvu ya mawimbi ni desibeli 6. Yaani hela yote ile ya Dubai, usafiri, ushuru wa bandarini, halafu huku kwangu sindano inapanda alama moja na kidogo, sitaona hata tofauti. Lakini we uliniambia kelele yako inakaa S9 mchana kutwa, ukiishusha ikafika S4 ni desibeli 30 hizo umezipata, tena kwa hela ya nyanya.

Halafu kuna kitu ulikisema jana ukapita nacho haraka ila mi kimenikaa. Ulisema jioni karibu na magharibi unanisikia vizuri. Na ulisema kelele imeanza Ramadhani. Ramadhani si ndo ulifunga sola? Sasa kaa nayo hiyo. Kelele ina saa zake, ukizijua umeshamjua nusu mwenye kelele. Ikianza jua likipanda na kufa jua likizama ni sola. Ikianza watu wanapowasha taa za veranda ni zile taa za LED za bei rahisi. Ikiwepo usiku na mchana bila kupumzika ni adapta fulani iliyochomekwa ukutani mwaka mzima, ya king'amuzi, ya rauta, ya chaja ya simu ambayo hata simu haina. Na ukisikia inakwaruza kama kukaanga samaki siku za jua kali, mvua ikinyesha inanyamaza, hapo angalia nguzo za umeme, kuna vyuma vimelegea juu huko. Hiyo usiguse, usipige nguzo na nyundo kama alivyofanya yule rafiki yetu, andika namba ya nguzo upeleke kwa watu wa umeme.

Lakini usije ukaapa ni sola kabla hujapima, na hili nakwambia kwa uchungu. Mwaka jana nilikuwa na kelele ya S8 kwenye bendi ya mita 20, kila baada ya kilohezi 60 hivi kuna kinundu cha kelele, naviona kwenye skrini vimepangana kama meno ya chanuo. Nikaenda kwa Baba Zuhura, nikamwambia inveta yako inaniharibia. Mzee wa watu hakubisha, akazima sola yake yote dakika 10, friji na kila kitu, nikarudi mbio kwenye redio, kelele ile ile. Niliumia sana. Nilirudi kumuomba radhi na halwa ya watoto wake, ila neno likishatoka limetoka.

Usiku ule ule nikafanya kile ambacho ningetakiwa nianze nacho. Redio nikaiweka kwenye betri ya gari, nikazima meni swichi ya nyumba nzima. Kimya. Sindano ikalala S3. Basi mchawi yuko ndani kwangu. Nikarudisha meni swichi, nikazima vile vidogo vyote, binti yangu akasimama pale ukutani na tochi anawasha kimoja kimoja, anapiga kelele "baba, nimewasha ya jikoni!", mi niko chumbani macho kwenye mita. Jikoni hamna kitu. Chumba cha watoto hamna. Alipofika sebuleni sindano ikaruka S8. Tukaanza kung'oa plagi moja moja, TV, king'amuzi, mwisho ile adapta nyeusi ya rauta, ndogo kama kiberiti. Nilipoing'oa tu, pale pale nikamsikia yule bwana wa Muscat anaongea na mtu wa Italia, sauti imekaa kama yuko chumba cha pili. Na kumbe alikuwepo pale siku zote, jioni zote zile, mi ndo nilikuwa nimejizibia mwenyewe.

Rauta sasa hivi inakula volti 12 moja kwa moja kutoka kwenye betri ya sola, adapta ile nimeitupa.

Kwa hiyo we fanya hivyo hivyo. Betri, meni swichi, na kwako uzime na sola, kwanza swichi ya paneli halafu ya betri ya sola, usianze na ya betri wakati jua linawaka, chaji kontrola nyingi, vile vidude vinavyosimamia chaji ya betri, hazipendi. Fanya saa sita mchana ambapo kelele imepamba moto. Ikinyamaza ulivyozima sola, hongera, umempata, na dawa yake si ngumu. Waya wa chanya na hasi kutoka paneli hadi kontrola zisokote pamoja kama ukili, kuanzia juu hadi chini. Nilivyoiona nyumba yako mara ya mwisho waya mmoja unapita kulia kwa dirisha na mwingine kushoto, huo ni mduara mkubwa sana shehe, ni antena ya kurusha kelele hiyo! Halafu feraiti, kile kigae cheusi kinachozuia kelele isipite kwenye waya. Nenda kwa mafundi wa kompyuta, omba waya mbovu za monita za zamani, vile vinundu vya mwisho wa waya ndani ni feraiti, pasua plastiki utoe. Usipitishe waya mara moja ukaacha, zungusha nyingi zinavyoenea, manake mizunguko 3 inazuia karibu mara 9 ya mmoja. Ukiweza kuagiza pete kubwa zenyewe agiza mchanganyiko namba 31, hiyo ndo inafanya kazi vizuri kwenye masafa yetu ya chini. Weka upande wa paneli na upande wa betri, zikae pale pale kwenye kontrola.

Kama haitoshi basi kontrola yenyewe ni takataka, ibadilishe, na bado utakuwa hujatumia hata robo ya hela ya linia.

Ikiwa umezima kila kitu na bado inalia, iko nje. Chukua kile kiredio cha betri cha marehemu babu yako, weka AM mahali hamna stesheni, tembea nacho huku unakizungusha taratibu. Pale kelele inapozama kabisa, ule urefu wa redio ndo unaelekea kwenye mwenye kelele. Fanya hivyo sehemu mbili tofauti, mistari inapokutana ndo hapo. Na ukigundua ni kwa jirani nenda na salamu, nenda na redio asikie mwenyewe, usiende na lawama kama nilivyoenda mimi.

Sasa antena. Najua unaipenda pale ilipo ila iko juu ya mabati, mita mbili kutoka kwenye paneli, hapo inanusa kila uchafu wa nyumba. Itoe nyumbani. Una minazi mitatu nyuma kule, ya nini sasa? Daipoli, antena ya waya mbili, ya bendi yetu ya mita 40 ni hesabu ya 143 gawa kwa masafa ya 7.1, inakuja mita 20 na ushee, nusu kila upande, we kata 10 na nusu kwanza uje upunguze kidogo kidogo huku unaangalia SWR, kipimo cha nguvu inayorudishwa na antena. Urefu wa kwenda juu mita 7 au 8 unatosha, mimi na we ni kilomita mia na kitu tu, wimbi linapanda utosini linarudi, hatuhitaji mnara. Muite mkwezi afunge kapi juu ya mnazi, kamba ipite kwenye kapi na mwisho wake ning'iniza kidumu cha lita 5 chenye mchanga. Mnazi unayumba, kidumu kinapanda na kushuka, waya haukatiki. Mi nilifunga moja kwa moja mwanzoni, upepo wa kusi wa kwanza tu waya chini, na mbuzi wa Mama Zuhura akautafuna. Na kamba usinunue manila ya buluu ya dukani, jua linaila mwaka haufiki, nunua ile nyeusi wanayouziwa wavuvi.

Kati kati pale waya zinapokutana, zungusha kebo kwenye bomba la PVC la inchi 4, mizunguko kama 17, au pitisha mara 10 hivi kwenye pete kubwa ya namba 31 ukiipata, hiyo ya pete ni bora zaidi. Inazuia kelele ya nyumbani isipande juu ya ganda la kebo ikaingia kwenye antena. Kebo hata ya TV, ile ya omu 75, tumia tu, redio haitalalamika.

Halafu chumvi! Mwezi uliopita nilikata kebo yangu karibu na koneka, ule wavu wa shaba ndani umekuwa kijani, ukiusugua unamwagika unga kama kutu. Mita moja na nusu nzima nimetupa. Funga tepu ya mpira ile inayogandana yenyewe, anzia chini kwenda juu kama unavyoezeka makuti, ukianza juu kila pindo linakinga maji. Na kebo kabla haijaingia dirishani ishushe iwe kama tumbo, maji yadondokee hapo yasiingie ndani. Masika ikija chomoa antena kila usiku uitupe nje ya dirisha, radi haina adabu.

Nirudi kwenye linia, manake bado roho haijatulia. Msikiti uko mita ngapi kutoka kwako, 30? 40? Na wati zangu 100 tu nilishawahi kusikika kwenye sabufa ya majirani, mtoto wao alilia akidhani kuna mtu ndani ya spika. Niliwawekea feraiti kwenye waya za spika, nikatengeneza ile ya bomba kwenye antena, ikaisha. We uje urushe 500 karibu na vipaza sauti vya adhana? Watu wako katikati ya swala halafu inatoka "CQ CQ", ule wito wetu wa redioni? Nakujua, hutojisamehe. Na soma leseni yako kwanza inakuruhusu wati ngapi. Na umeme wa kuilisha je, hiyo kitu inakula kama kilowati nzima ukibonyeza, na volti zenu zile za jioni.

Ukishasafisha kelele na hela bado inakuwasha mfukoni, tuongee habari ya QO-100. Ile setilaiti inayopokea na kurudisha redio zetu za ridhaa, iliyorushwa Novemba 2018, iko digrii 25.9 mashariki, kwetu sisi iko juu sana, zaidi ya digrii 70, minazi haiizuii. Unarusha 2400 MHz unapokea 10489 na LNB, kile kichwa cha kawaida cha dishi la TV, na kelele ya sola haifiki huko. Lakini hiyo siku nyingine, usinichanganye sa hizi.

Haya niambie, kelele inaanza saa ngapi hasa, iandike siku tatu mfululizo. Siku ya mawingu inapungua? Kontrola ni ya aina gani, nipigie picha na waya zake. Waya bado zinapita pande mbili za dirisha? Mkwezi yule wa zamani bado anapanda au magoti yamegoma? Mama Nasra mgongo unaendeleaje, ile dawa ya mama ilimfaa? Na Kapteni vipi, leseni yake imetoka au bado wanamzungusha? Na yule wa Dubai umemwambiaje, umempa neno au bado? Kama umempa neno nipe namba yake niongee naye mimi.

Jumamosi saa nne, 7.095, nitakuwa pale kuanzia saa tatu na nusu. Uje na redio kwenye betri na sola umeizima.

Ndugu yako,
Baba Imani