Watu wa Dimitsana hawakuchana vitabu kwa ujinga

Mhariri,

Jumamosi iliyopita gazeti lako lilitoa makala ya safari kuhusu vijiji vya Ugiriki. Kijiji cha Dimitsana kikapewa aya mbili na picha moja. Picha yenyewe ni ya nyumba nyeupe pe, kuba la buluu, na bahari nyuma yake. Hiyo ni Santorini, kisiwa, Mhariri. Ukisimama Dimitsana ukaitafuta bahari utaambulia kizunguzungu tu, maana mbele ya miguu yako ni genge, na chini ya genge ni mto.

Hilo ningelisamehe, picha huchanganyikana. Kilichoninyima usingizi ni sentensi ya mwisho, kwamba wanakijiji "kwa ujinga wao" walichana vitabu vya maktaba yao wenyewe. Naomba nafasi nijibu. Nimekula chumvi ya watu wale miezi mitano.

Mimi ni mtoto wa Tanga, Chumbageni. Utotoni, Mgiriki kwetu alikuwa mtu wa mkonge: ana shamba, ana lori, ana kofia pana. Nilipofika Piraeus, bandari ya Athens, mwaka 1989 (nilifikaje si habari ya leo, mabaharia wa Tanga wanajua) nikashangaa kukuta Wagiriki wasio na kitu kama mimi. Nilifanya kila kibarua kilichotokea. Mwaka 1998, mvua za vuli zilipoanza, fundi mmoja Mwalbania aliyekuwa jirani yangu hapa Kypseli, mtaa wa Athens, akaniambia kuna nyumba ya mawe inafanyiwa ukarabati huko Arkadia, katikati ya Peloponnese, ile rasi kubwa ya kusini mwa Ugiriki, anahitaji mtu wa kukoroga chokaa. Chokaa! Nikamwambia kwetu pwani watoto huzaliwa wameshajua kukoroga chokaa.

Basi la kutoka Athens linavuka mfereji wa Korintho, linapanda mpaka Tripoli, halafu unabadilisha gari na barabara inaanza kujikunja kama ile ya Mombo kwenda Lushoto. Unapita ubavuni mwa mlima Mainalo, wenye kimo cha mita 1,981 na msitu wa misonobari mieusi. Kisha ghafla unaiona Dimitsana imekaa juu ya kilima chembamba, karibu mita 950 kutoka usawa wa bahari. Nyumba ni ndefu za ghorofa mbili au tatu, mawe matupu bila plasta, vigae vyekundu, zimepandana migongoni. Pande tatu ni bonde la mto Lousios. Lushoto pana baridi, lakini baridi ya pale ilikuwa ya aina nyingine: maji ya kukorogea yaliganda kwenye ndoo tukawa tunayavunja kwa nyundo.

Mandhari ile inavutia, ni kweli, ila mwandishi wako alipoandika kwamba kijiji "kimesahauliwa na historia" nilicheka peke yangu kwenye trolibasi. Chini ya baadhi ya kuta zake kuna mawe makubwa ya ukuta wa mji wa kale, Teuthis. Msafiri Pausanias alipita huko karne ya pili baada ya Kristo, akaandika kwamba Teuthis ni kijiji ambacho zamani kilikuwa mji. Yaani miaka elfu moja na mia nane iliyopita tayari watu walikuwa wanapita na kusema hapa palikuwa pakubwa! Ni yeye pia aliyeandika kwamba wenyeji waliuita mto Lousios kwa sababu mungu wao Zeus aliogeshwa humo alipozaliwa. Neno lenyewe linatokana na kuoga. Akaongeza kwamba hakuna mto wenye maji baridi kuliko huo. Hapo namuunga mkono kwa mikono yote miwili, niliwahi kufulia humo shati.

Sasa maji. Bila maji huwezi kueleza lolote la kijiji hiki. Pale hakuna uwanda wa kulima ngano ya maana, kuna vijishamba vya ngazi, mbuzi, na njugu za miti. Lakini zipo chemchemi zisizokauka, na mteremko mkali. Maji yakishuka kwa nguvu ni mfanyakazi asiyedai mshahara. Kwenye kiunga cha Ai Yannis, chini kidogo ya kijiji, kuna makumbusho ya wazi ya nguvu za maji, iliyofunguliwa 1997, mwaka mmoja tu kabla sijafika. Jumapili moja mwenye kahawani alinipeleka. Wenyeji wanamwita "barba", kama sisi tunavyosema babu au ami kwa mzee asiye wa damu, nami nitamwita hivyo.

Maji yale yale yanapita kazi moja baada ya nyingine. Kwanza yanaanguka ndani ya pipa kubwa la mbao lenye umbo la faneli, humo yanazungusha na kupiga mablanketi mazito ya sufu mpaka yanakuwa laini. Kisha yanageuza jiwe la kusaga unga. Yanafika kwenye karo za kulainishia ngozi. Pembeni kuna mtambo wa pombe kali ya zabibu, ndugu yake gongo. Barba alinipa kikombe nikakataa, akaelewa, akanipa zabibu kavu. Halafu tukaingia kwenye kibanda cha mwisho na hapo ndipo niliposimama mdomo wazi: vinu na michi! Safu ya vinu, na juu yake safu ya michi, na gurudumu la maji linazungusha gogo lenye vijiti. Vijiti vinainua michi mmoja mmoja na kuiachia. Du, du, du. Nilimkumbuka bibi yangu na kisamvu chake.

"Wanatwanga nini?" nikamuuliza.

"Barouti," akajibu.

Mhariri, sikuhitaji tafsiri. Baruti ni baruti. Neno lao na letu limepitia mlango mmoja, kwa Waarabu na Waturuki, kama mengine mengi niliyoyaokota kule: sahani wanaita sahani, dunia wanasema dounias. Asubuhi ya kwanza barba aliniuliza kwa mzaha "Ti hambaria?", yaani habari gani, nami nikajibu "Nzuri" kwa Kiswahili kabla sijajua ninajibu lugha ipi. Kuanzia siku ile sikulipia kahawa.

Wazee wetu wa gobore wanajua mapishi ya baruti: shura, kiberiti na mkaa. Kwa kawaida robo tatu ya mchanganyiko ni shura. Kiberiti hununuliwa, mkaa unachomwa. Shura inatoka kwenye samadi. Udongo wa zizi au pango walimolala mbuzi kwa miaka unalowekwa, maji yake yanachujwa, yanatiwa majivu, yanachemshwa, yakipoa inaganda chumvi nyeupe. Kwa hiyo kijiji cha mbuzi, miti na maporomoko ya maji kilikuwa na karibu kila kitu isipokuwa kiberiti. Mchanganyiko ukitwangwa mkavu unaweza kulipuka, hivyo hunyunyizwa maji. Nao walikuwa na maji mpaka ya kumwaga.

Vita vya Wagiriki kujitoa chini ya Dola ya Uthmania vilipoanza Machi 1821, Dimitsana ilikuwa na vinu 14 vya baruti. Jemadari Kolokotronis, aliyeongoza wapiganaji wa Peloponnese, alisimulia mwenyewe uzeeni kwamba baruti yao ilitengenezwa Dimitsana. Barabara hazikuwepo, ni njia za nyumbu tu, na genge lile ninalolisema lilikuwa boma la bure.

Na vitabu? Mwaka 1764 kijiji hiki kilianzisha shule, na shule ikawa na maktaba. Kijijini, milimani, chini ya utawala wa Sultani! Pale walisoma watoto waliokuja kuwa maaskofu. Gregory wa Tano alizaliwa pale 1746, akawa Patriaki wa Konstantinopoli (Istanbul ya leo), yaani mkuu wa kanisa la Orthodox, na vita vilipoanza akanyongwa kwenye lango la makao yake siku ya Pasaka ya 1821. Nyumba aliyozaliwa ni makumbusho ya kanisa leo. Germanos, askofu mkuu wa Patras, anayesimuliwa kuibariki bendera ya mapinduzi, naye ni wa hapo hapo. Kwa hiyo neno "ujinga" lilianguka mahali pabaya sana.

Bunduki za wakati ule zilijazwa kwa mdomoni, kama gobore. Ili mpiganaji asipime baruti kwa kiganja huku anapigwa risasi, alitayarishiwa viasi: karatasi inaviringishwa kwenye kijiti, inatiwa risasi na baruti ya kipimo, inakunjwa. Akifika vitani anang'ata ncha kwa meno, anamimina, anashindilia karatasi na risasi juu yake. Bila karatasi hakuna kiasi. Na katika milima ile karatasi nyingi kwa pamoja ilikuwa wapi? Kwenye maktaba. Wakachukua vitabu.

Barba alinieleza jambo hili tukiwa nje ya kibanda, akipangusa miwani. Hakujigamba. Babu zake, alisema, hawakuona vitabu kuwa takataka, walijua thamani yake kuliko sisi kwa sababu walikuwa wanavisoma. Nilimuuliza kama walianza na vitabu vibaya. Akacheka, akasema angependa kujua nani alikaa akachagua. Tangu hapo nimekuwa nikimfikiria mtu huyo, mwalimu labda, ameshika kitabu mkono huu na kingine mkono ule, mlangoni wanamsubiri vijana na kijiti cha kuviringishia. Maktaba ilikusanywa upya baada ya vita na ipo mpaka leo. Mwandishi wako angeingia hata dakika kumi asingeandika alichoandika.

Sitaki ionekane nimewapamba. Mimi ni Mwislamu, na historia ile ina upande mwingine ambao makumbusho yale hayauzungumzi kwa sauti. Vuli ya 1821 watu wa Kolokotronis waliiteka Tripolitsa, ndiyo Tripoli ya leo, uliokuwa mji wa gavana wa Sultani. Maelfu ya Waislamu na Wayahudi waliokuwamo, wanawake na watoto pamoja nao, wakachinjwa kwa siku kadhaa. Kutoka kwenye vinu vile mpaka Tripoli ni safari ya kilomita kama 60 tu kwa barabara ya sasa. Nilimuuliza barba na hilo, siku nyingine, theluji imefunga mlango wa kahawa na tumebaki watatu ndani. Alinyamaza kitambo, akaenda kuongeza kuni. Aliporudi akasema: "Najua, mwanangu. Shuleni hawakutuambia, nilisoma mwenyewe." Hakusema zaidi na sikumsukuma.

Tulimaliza paa mwezi Machi. Nyumba ikawa ya wageni, kama nyingi pale. Wenyeji waliobaki ni mia chache. Wengine wako Athens, Patras na Marekani, wanarudi Pasaka na Agosti. Barba alikwisha fariki, Mungu amrehemu. Mwaka jana nilipanda tena na mwanangu wa kike, aliyezaliwa hapa na anayezungumza Kigiriki kuliko mimi. Yule mwenye duka la tambi za mayai akamuuliza ametokea kijiji gani. Akajibu "Chumbageni". Mwanamke akatafakari, akauliza kama ni upande wa Kalavryta, mji wa huko huko milimani.

Ninachoomba, Mhariri, ni mawili. Ile sentensi ya vitabu isahihishwe kwenye toleo lijalo, na picha ibadilishwe. Nimekutumia tatu: kijiji kutoka ng'ambo ya bonde, paa letu, na mlango wa kinu cha baruti. Hiyo ya mlango nimeipiga mwenyewe. Kidole kinachoonekana pembeni ni changu, mnaweza kukikata.

Mtoto wa Chumbageni,
Kypseli, Athens